Kitanda cha Mwalimu Makau

Tuseme ukweli tu: kilichompeleka Inspekta Wathome Kathiani Alhamisi ile kilikuwa wivu. Haki alikuja kukutana nayo huko huko, na hata walipokutana hawakusalimiana vizuri.

Jana yake, alfajiri, mjane mmoja aitwaye Nzilani alipigwa kichwani kwa mchi wa kinu uani kwake, akaachwa pale kama mfu. Kufikia jioni Inspekta Mkuu Kimanzi alikuwa amekwisha kumtia mtu ndani, na redio ya Kikamba ikamtaja yeye kwa jina, tena kwa sifa. Kimanzi huyu, Wathome ndiye aliyemfundisha kuandika maelezo ya shahidi. Leo Kimanzi ana gari na ofisi yenye dirisha, na Wathome ana kiti kinachoyumba. Mtu akikwambia askari hawaoneani wivu, muulize kama amewahi kukaa kituoni wakati wa kupandishwa vyeo.

Aliyetiwa ndani ni Elmi, mfanyabiashara wa mifugo pale Machakos mjini. Ndiye aliyemkuta Nzilani, ndiye aliyempakia kwenye pikapu yake akamkimbiza hospitali, na malipo ya wema huo yalikuwa shati lililolowa damu. Kimanzi aliiona damu, akamwona Msomali, akaifunga kesi. Kesho asubuhi Elmi angesomewa shtaka la kujaribu kuua.

Kabla hajaondoka mjini, Wathome alipitia seli.

"Ulienda kwa huyo mama kufanya nini saa hizo?"

"Kupeleka mbuzi," Elmi akasema. Macho yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi. "Kamati yao iliagiza mbuzi mweusi. Mweusi wote, hata kwato. Jumamosi wanaenda naye kwa hiyo ziwa yao ya mlimani. Nilimtafuta huyo mbuzi mpaka Kithimani."

"Ukakuta nini?"

"Mama amelala chini karibu na kinu. Chungu kimevunjwa vunjwa. Nikafunga mbuzi kwa mti, nikabeba mama."

"Ulifunga mbuzi kwanza?"

"Afande, ningemwachilia angetoroka. Na mama nilikuwa nimeona anapumua."

Wathome alitaka kucheka, akajizuia. Mwuaji hafungi mbuzi.

"Sikiza," Elmi akasema, ameshika nondo. "Wakinisomea hiyo maneno kortini kesho, hata wakiniachilia baadaye, nani atanunua mbuzi kwangu tena? Watoto wangu wamezaliwa hapa. Hawajui kwingine."

"Nimesikia."

"Usisikie tu, Afande."

Boma la Nzilani lilikuwa mteremkoni, likitazamana na Kilima cha Kavumbu. Huko juu ya kilima, watu wa kule wanakwambia, kuna ziwa dogo lenye maji meusi ambalo halijawahi kukauka, hata mwaka ule ng'ombe walipokufa wamesimama. Ni ithembo, mahali pa kuombea mvua. Huendi huko na viatu wala nguo nyekundu, na huendi bila kualikwa. Mvua ilikuwa imewapita misimu miwili, mahindi yamekauka yangali na urefu wa goti, ndipo wazee wakaunda kamati ya kupanga safari. Nzilani alichaguliwa kuwa mwanamke wa kuchota maji ya ziwa. Makau, mwalimu mkuu mstaafu, ndiye angeyamwaga.

Mbuzi bado alikuwa amefungwa kwenye mpera, akila majani ya watu bila wasiwasi. Kando ya kinu palikuwa na beseni la mahindi yaliyolowekwa. Nzilani alikuwa karibu kutwanga muthokoi, mahindi ya kukobolewa. Juu ya kamba ya nguo ilining'inia leso ambayo hakuna aliyekumbuka kuianua. Wathome aliishika. Ilikuwa imekauka na mchanga wa mtoni umeshikamana kwenye pindo.

Halafu akachuchumaa kwenye vigae vya chungu. Watu wa Kimanzi walikuwa wamevipita kama takataka. Yeye alikaa navyo. Daktari alisema Nzilani alipigwa mara moja tu. Chungu je? Chungu kilikuwa kimepigwa kikapigwa tena, kisha kikakanyagwa kwa kisigino mpaka vipande vingine vikawa kokoto. Na kilikuwa kipya, hakina hata doa la moshi. Mwizi hana muda wa kukasirikia chungu.

Simu ikalia. Kimanzi.

"Wathome, uko wapi?"

"Kathiani."

"Kufanya nini? Kesi si imeisha?"

"Napunga upepo," Wathome akasema, akakata. Moyo wake ulifurahi kidogo kwa ufidhuli ule.

Mtu wa kwanza aliyetajwa na majirani alikuwa Kavindu. Bibi huyu ndiye aliyechota maji katika safari zote za nyuma, na safari hii alipowekwa kando aliondoka mkutanoni akitema mate. Wathome alimkuta kwake amekaa juu ya kigoda, akichambua mbaazi.

"Mwaitu," akamwita mama kwa Kikamba, "habari ya hapa?"

"Mzuri kama si polisi," Kavindu akasema. "Kaa. Umekuja kuniuliza kama nilikuwa nikimwonea Nzilani wivu. Nilikuwa. Andika."

"Siandiki bado."

"Andika! Walisema magoti yangu hayawezi mlima. Magoti! Hayo magoti yalipanda Kavumbu wao wakiwa bado wananyonya. Lakini Nzilani ako na sauti, Nzilani ako na meno yote, basi Nzilani aende."

"Ulimpiga?"

"Ningempiga mimi hungempeleka hospitali."

Wathome alimwamini mara moja, jambo ambalo si zuri kwa mpelelezi, kwa hiyo akauliza tena kwa njia nyingine. "Na chungu?"

Mikono ya bibi ikasimama juu ya mbaazi. "Chungu gani?"

"Cha uani kwa Nzilani. Kimevunjwa."

"Aiya!" Kavindu akashika kifua. Hilo la Nzilani alilijua tangu jana. Hili la chungu lilimshtua kweli. "Kile ni cha ziwa. Kijana yangu, mtu anayejua kile chungu ni cha nini hawezi kukivunja. Anavunja uzao wake. Mimi kwa wivu wangu ningekiiba nichote maji nacho. Lakini kuvunja? Hakuna mtu wa kamati anaweza."

"Kilitoka wapi?"

"Mwalimu Makau aliviendea. Viko viwili, mapacha, mfinyanzi mmoja, udongo mmoja. Kimoja cha mwanamke, kingine cha mwanaume. Nzilani alikaa na chake, Makau ako na chake."

"Masharti mengine?"

"Wewe mtoto wa Mumbuni mjini hujui kitu." Bibi alinyoosha miguu, ilikuwa imepauka mpaka magotini. "Angalia. Kila siku kabla ya jua tunaoga mto, maji baridi hivyo. Na tangu Jumapili sisi wote tunaohusika, hata mimi waliyeniweka kando, tunalala peke yetu. Aliye na mume, mume huko, yeye huku. Mtu akivunja hiyo, mvua haikuji. Na hatuambii wale ambao hawaendi, mpaka turudi; wewe nakuambia kwa sababu chungu kimevunjwa."

"Wote? Hata Mwalimu?"

"Mwalimu ndiye anamwaga maji. Yeye zaidi ya wote."

Wathome aliinuka pole pole, kama mtu aliyebeba sinia la mayai. Jana mchana, kwenye ofisi ya chifu, Kimanzi alipokuwa akiwahoji majirani, yeye mwenyewe alikuwa amesimama nyuma kama mzigo. Alikumbuka vizuri. Kimanzi hajamaliza hata kuuliza, mke wa Makau, Kalunde, akadakia: "Mimi na mzee wangu tulikuwa kitandani. Nduru ya majirani ndiyo ilituamsha." Makau akaitikia kwa kichwa. Kimanzi akapita kwa mtu mwingine.

Kitandani! Katika wiki moja tu ya mwaka ambayo Makau hakuruhusiwa kuwa kitandani na mkewe, hapo ndipo alipojiweka. Uongo mwingine wowote ungemfaa. Wathome aliteremka mteremko karibu akimbie, na kichwani mwake hakumwona Makau wala Nzilani. Alimwona Kimanzi akisikiliza redio.

Kamati ilikuwa inakutana kwenye ghala la zamani la kahawa. Mwalimu Makau alikuwa amesimama mbele ya wazee, mwembamba, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni, akipanga safari kama anayepanga ratiba ya masomo. Nani ataongoza mbuzi. Simu zote ziachwe chini ya mlima. Mwenye jeraha linalotoka damu asipande. Walipofika kwenye jina la mwanamke wa kuchota maji, Makau akapangusa macho. Wathome aliliona hilo akaliweka akiba. Akamwita nje.

"Mwalimu, kuamkia jana ulilala wapi?"

"Nilishasema kwa chifu. Kwangu, na mama watoto."

"Kitanda kimoja?"

"Inspekta, hayo ni maswali gani?"

"Ni mazuri. Turudi ndani basi, uwaambie wenzako hivyo hivyo. Kitanda kimoja, Jumanne usiku."

Makau akatazama mlango wa ghala, akatazama kilima. Shingo ilimtoka jasho juu ya kile kifungo.

"Usifanye hivyo," akasema kwa sauti ya chini. "Safari itakufa. Watu wamefunga tumbo wakingojea hii safari."

"Basi ulidanganya polisi."

"Nililala stoo. Tangu Jumapili nalala stoo, juu ya magunia. Na nduru ilipopigwa nilikuwa mtoni, naoga."

"Nani alikuona?"

"Hakuna. Ni kuoga peke yako."

Wathome alikuwa na pingu mfukoni na vidole vilikuwa vimeshazigusa. Mtu bila shahidi, karibu na boma la mjane, amedanganya polisi, analia machozi. Kimanzi angemeza ulimi. Lakini vile vigae vilikuwa vinamwasha. Mtu anayejua chungu ni cha nini hawezi kukivunja. Na huyu ndiye aliyekinunua.

"Chungu chako kiko wapi?"

"Stoo. Kizima."

"Mama Kalunde anajua ni cha nini?"

"Kalunde?" Makau karibu acheke. "Kalunde ni kiongozi wa akina mama kanisani. Na mimi ni mzee wa kanisa. Angejua naenda Kavumbu, Jumapili ingefika nimevuliwa uzee mbele ya watu. Mikutano nilimwambia ni ya kahawa, stoo nilimwambia ni mgongo. Daktari amesema nilale pagumu."

"Hajui chungu, hajui kuoga, hajui masharti."

"Hajui chochote."

"Sasa nani alianza kusema mlikuwa kitandani?"

"Ni yeye. Mimi nilishtuka. Nikafikiri ananifichia aibu, nikanyamaza."

"Aibu gani, Mwalimu? Umesema hajui chochote. Alikuwa anamficha nani?"

Makau akageuka, akashika njia ya kwake. Ndani ya ghala wazee walikuwa wakibishana kuhusu mbuzi.

Wathome akamfuata. Boma la Makau lilikuwa safi, lina nyumba ya mawe, tangi la maji, na stoo ya mabati ambayo mlango wake wa nyuma ulifungukia njia ya mtoni. Njia hiyo hiyo ndiyo iliyopita kwa Nzilani. Wathome aliingia stoo, akaona magunia, blanketi lililokunjwa vizuri, na chungu kipya kwenye kona. Akakibeba. Akamwambia Makau abaki nje ya mlango wa jikoni, naye akatii kama mwanafunzi.

Kalunde alikuwa anakata sukuma wiki. Mwanamke mnene kiasi, kitambaa kimefungwa vizuri kichwani, mikono haina haraka. Wathome akaweka chungu juu ya meza.

"Mwaitu, hiki unakijua?"

Kisu kikasimama. "Hicho ni cha mzee. Mwingine ako na chake."

"Mwingine nani?"

Sukuma wiki ilikuwa imekwisha kukatwa, lakini Kalunde alianza kuikata tena, vipande vya vipande.

"Nzilani ako hospitali," Wathome akasema. "Hajafungua macho bado. Kuna mtu kwa seli mjini, ana watoto, kesho anapelekwa kortini kwa sababu alimsaidia. Ninakuuliza: mwingine nani?"

"Tangu anioe," Kalunde akasema, "huyo mwanaume hajawahi kuninunulia hata kikombe. Hata kikombe! Sufuria zote unaziona hapa ni za chama cha akina mama. Halafu nasikia ameonekana sokoni amebeba vyungu viwili kama bwana harusi. Nikangoja. Nikasema kimoja ni changu. Kimoja kikakaa stoo, kingine kikaenda kwa huyo."

"Ukafanya nini?"

"Sikufanya kitu. Niliomba. Halafu Jumapili, tumetoka kanisa, anahama kitanda. Eti mgongo. Mgongo ulikuwa mzuri Jumamosi!" Sauti yake ilipanda, akaishusha mwenyewe. "Jana alfajiri nikasema wacha nimpelekee chai, labda mimi ndiye niko na mawazo mabaya. Stoo hakuna mtu. Blanketi baridi. Mlango wa nyuma wazi. Nikafuata njia."

"Mpaka kwa Nzilani."

"Nikamkuta anaanika leso. Nywele zinadondosha maji. Ametoka kuoga, Inspekta! Saa hizo, na baridi yote ile! Mwanamke hana mume, anaoga alfajiri ya nini? Na chungu kiko pale mlangoni kinaniangalia."

"Ulimuuliza?"

"Nilimuuliza. Sikuenda na kitu mkononi, nilikuwa na kikombe cha chai. Nikamwambia, Nzilani, mume wangu ako wapi? Unajua alisema nini? 'Dada, siwezi kukuambia sasa. Muulize yeye mwenyewe Jumapili.' Akanigeuzia mgongo, akainama kwa kinu chake." Kalunde alifuta mikono kwenye leso, kidole kimoja kimoja. "Mchi ulikuwa hapo tu."

Wathome alikuwa amesikia maungamo mengi, na kila mara alikuwa akisikia utamu fulani, ule wa kushinda. Alingoja uje. Haukuja. Alijiona tu akiteremka mbio mbio kwa ajili ya redio, akaona haya.

"Mwaitu," akasema, "wale wanaenda ziwani Jumamosi. Kila anayeenda analala peke yake. Anaoga mto kabla ya jua. Na hawaruhusiwi kumwambia mtu. Nzilani alikuwa ameoga kwa sababu hiyo. Mzee wako pia. Yeye alikuwa mtoni, peke yake. Vyungu ni vya maji ya ziwa."

Kalunde akaweka kisu chini. Kisha akageuka kwenye mlango, ambako mume wake alikuwa amesimama na kofia mkononi.

"Ni ukweli?"

"Ni ukweli, Kalunde."

"Hukuwa kwake?"

"Sijawahi kuwa kwake."

"Hata siku moja?"

"Hata siku moja."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungenishtaki kanisani."

Kalunde alifikiri juu ya hilo, kisha akatikisa kichwa kukubali kwamba angemshtaki. Akakaa kwenye kiti. "Nzilani aliniita dada," akasema, na hapo ndipo machozi yalipomtoka.

Wathome akatoka uani, akampigia Kimanzi.

"Mfungulie Elmi."

"Umerukwa na akili?"

"Niko na mtu, niko na maungamo, na mume wake amesikia. Mfungulie, na umpe shati."

Kimanzi alikaa kimya sana upande wa pili, kimya kile ambacho Wathome alikuwa amekitamani kwa miaka. Alikisikiliza kidogo, akakata simu.

Aliporudi jikoni, Makau alikuwa amepiga magoti kando ya kiti cha mkewe, amemshika kiwiko. Kalunde alikuwa amekwisha kujifuta uso na kunyoosha mikono tayari kwa pingu.

"Wataenda bado, Jumamosi?" Wathome akamuuliza Makau, kwa sababu hakujua aseme nini kingine.

"Wao wataenda. Watatafuta chungu kingine, Kavindu atachota." Makau aliinuka, akakung'uta magoti. "Mimi siwezi. Damu imetoka nyumbani kwangu. Sitapanda Kavumbu tena mpaka nife."

Kalunde akashusha mikono. Akamtazama Wathome, si mumewe.

"Haendi?"

"Haendi, mwaitu."

"Hata nikiwa ndani? Hawezi kwenda huko na mwanamke mwingine?"

"Hawezi."

Kalunde alivuta pumzi, akaitoa yote, na uso wake ukatulia kwa mara ya kwanza tangu Wathome aingie. Akajifunga leso vizuri kiunoni, akanyoosha mikono tena.

"Basi twende," akasema.